Mita Ilizunguka, na Nyumba Haikuwa na Mtu

Mabomba yote nilikuwa nimeyafunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwenye kiwanja kizima tulikuwa wawili tu: mimi, na mbwa mzee ambaye hata mkia alikuwa anautikisa kwa awamu.

Na mita ya maji ilikuwa inazunguka.

Saa nne asubuhi, jua limeshapamba moto, bahari inameremeta chini kule kama haina habari. Ndugu zangu, hofu ya mchana ni mbaya kuliko ya usiku, kwa sababu huna giza la kulisingizia.

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale, msije mkadhani nimeanza kula vitu visivyoliwa.

Watu wananiita Konokono. Naishi ndani ya gari. Zamani lilikuwa gari la kusambaza mikate. Nililinunua likiwa limechoka, nikalitia kitanda, jiko dogo la gesi, pipa la maji na mapazia ya maua. Jua likiwa kali, hadi leo linanukia mkate.

Ndoa yangu ilipokufa, mwenzangu alibaki na nyumba, mimi nikabaki na usukani. Mama mkwe alinisindikiza hadi mlangoni kwa maneno haya: "Utalala barabarani wewe!"

Nikamwambia, "Mama, barabarani kuna hewa."

Kazi yangu ni kushika nyumba za watu waliosafiri. Pwani hii imejaa nyumba ambazo wenyewe hawapo. Mtu akiondoka wiki mbili tatu, anataka mtu wa kufungua madirisha, kumwagilia maua, kulisha paka, ili nyumba isionekane imekufa. Mimi naegesha uani, nalala kwenye gari langu. Kitanda cha mtu sikigusi. Mwenye nyumba akirudi, nawasha gari, nashuka na pwani hadi nyumba inayofuata.

Kazi nzuri. Ila inaendeshwa na neno la mdomo. Mwenye nyumba mmoja akisema "huyu mama siyo", pwani nzima imesikia kabla hujabadilisha gia.

Ndiyo maana nina sheria moja: kila asubuhi na kila jioni nafunua kifuniko cha mita ya maji, nasoma namba, napiga picha. Kuna nyumba bomba lilipasuka chini ya ardhi, na mwenyewe akaapa mbele ya watu kwamba nilikuwa nafulia mtaa mzima. Nilitoka pale na jina linalonuka. Tangu siku hiyo mimi na mita ni kama pua na mdomo.

Sasa, hii nyumba.

Ya ghorofa moja, ukuta mweupe, geti la kijani lililoanza kuliwa na chumvi. Mwenyewe ni fundi wa injini za meli, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole, anacheka kabla hujamaliza utani. Alikuwa amepata kazi nchi ya mbali, nchi ya baridi, mkataba wa miezi sita. Dada yake mkubwa, mwalimu mkuu, angekuja kukaa pale shule zikifungwa. Mimi nishike wiki tatu za mwanzo.

Alinikabidhi funguo siku moja kabla ya safari.

"Chini fungua kila kitu," akasema. "Juu nimefunga. Huko usihangaike nako."

"Sihangaiki, kaka. Mimi na ngazi hatuongei, kuna magoti yanatugombanisha."

Akacheka. Kesho yake, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliniambia, walimsindikiza kwa magari manne. Hotuba, picha, machozi, kila kitu. Kazini kwake walimuaga kwa keki.

Siku tatu za kwanza zilikuwa tamu. Naamka, nafungua madirisha, namwagilia maua, namlisha yule mbwa ambaye nilimbatiza Mstaafu, kisha nakaa mlangoni kwa gari langu na kikombe cha chai, natazama bahari kama vile ni yangu.

Siku ya nne Mstaafu alikataa chakula.

Hakuwa mgonjwa. Alikinusa, akaniangalia kwa huruma, akaondoka. Tumbo lilikuwa limejaa kama la mgeni aliyetoka harusini.

"Umekula wapi, babu?" nikamuuliza.

Akainua kichwa. Akatazama dari. Akatikisa mkia.

Nikacheka. Wazee wana mambo yao.

Siku hiyohiyo mwenye nyumba akaniandikia: "Nimefika salama. Mtandao wa huku haubebi simu, tuandikiane tu. Baridi inaingia hadi kwenye mifupa." Nikamjibu, "Pole kaka, huku tunakaangika." Tukamaliza.

Siku ya tano ndiyo hiyo ya mita.

Nilikuwa nimesoma namba asubuhi. Saa nne nikapita getini nikaona kifuniko sikukirudisha vizuri. Nikainama kukirekebisha. Macho yakatua kwenye kile kigurudumu chekundu, kidogo kama kifungo cha shati, kinachozunguka maji yakipita.

Kilikuwa kinakimbia.

Nikaenda jikoni. Bomba limefungwa. Bafu la chini, limefungwa. La uani, limefungwa, na mpira umekunjwa. Nikarudi mbio. Bado kinakimbia. Nikachuchumaa pale jasho linanitoka, nikikitazama.

Kikapunguza mwendo. Kikasimama.

Fundi cherehani akaniona kutoka kibarazani kwake, akavuka barabara na futi lake la kupimia likining'inia shingoni.

"Konokono, umepoteza hereni?"

Nikamweleza. Akapiga ulimi. "Linavuja hilo. Nyumba za chumvi ndivyo zilivyo."

Nikataka kumwamini. Kwa nguvu zote. Lakini, ndugu zangu, mimi nimeshaumwa na bomba linalovuja, nalijua. Bomba linalovuja halipumziki.

Hili lilikuwa linaoga.

Dakika sita. Kisha kimya. Kesho yake saa nne, tena. Dakika sita, kimya.

Mchana wa siku ya sita nikajikaza. Nikaingia ndani, nikasimama chini ya ngazi. Ngazi za mbao, kumi na nne, na juu kabisa mlango wa kahawia. Mstaafu alikuwa amelala kwenye ngazi ya kwanza kama mlinzi aliyesahau anamlinda nani.

Nikapanda ngazi moja. Mbao zikalia.

Juu ya dari, mbao zikalia pia.

Nikasimama. Kukawa kimya. Nikapanda nyingine. Juu, hatua moja. Nikasimama. Huko juu nako, kimya.

Mtu alikuwa ananisikiliza kama mimi ninavyomsikiliza.

"Nani?" Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtoto mwenye mafua.

Nikainua macho kutazama upenyo chini ya mlango. Ulikuwa na mwanga wa jua, mstari mwembamba wa njano. Katikati ya mwanga ule palikuwa na vivuli viwili.

Miguu.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka niko ndani ya gari langu, milango nimefunga, kisu cha kukatia nyanya mkononi. Halafu nikaona ujinga wangu. Kisu chenyewe hata nyanya zilikuwa zinakicheka.

Nikamwandikia mwenye nyumba: "Kaka, kuna mtu ghorofani kwako. Naita polisi."

Simu sijaishusha, jibu likaingia.

"Hakuna mtu. USIITE POLISI. Usimwambie dada yangu. Mwagilia maua tu."

Nilisoma ule ujumbe mara tano. Mtu anaambiwa nyumba yake imeingiliwa, hashtuki, haulizi ni nani. Anakataza tu.

Nikavuka barabara. Fundi cherehani alikuwa anadarizi kola.

"Dada," nikamwambia, "huyu jirani yako ana mke?"

"Alikuwa naye." Akauma uzi. "Aliondoka mwaka jana. Bila kuaga mtu."

"Ulimwona akiondoka?"

Sindano ikasimama hewani.

"Sasa unavyouliza..." Akanitazama. "Hapana. Wala mzigo sikuuona. Asubuhi moja tu hayupo."

Tukatazamana. Kisha wote wawili, kama tumeambizana, tukageuka kutazama madirisha ya juu ya ile nyumba. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Moja lilikuwa linacheza kidogo, na upepo haukuwepo.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Konokono, umewekwa kuwa askari jela."

Kumbe ndiyo maana hakutaka nihangaike na huko juu. Kumbe mimi na picha zangu za mita na maua yangu tulikuwa pazia, ili anayepita barabarani aseme, nyumba ile iko salama, kuna mama mmoja mwaminifu anaishika.

Siku hiyohiyo alasiri nikapanda tena. Fundi cherehani akabaki chini ya ngazi akisema hawezi kupanda kwa sababu ana presha, ambayo jana yake hakuwa nayo. Nilikwenda hadi juu. Mlango ulinuka joto na jasho la mtu.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini. "Kama umefungiwa humo, usiogope. Gonga mara moja tu. Nitakutoa."



Kisha kikohozi. Kizito, kimebanwa na kiganja.

Halafu nikasikia chuma kikiteleza juu ya chuma, polepole, hadi mwisho.

Komeo. Lilisukumwa kwa ndani.

Aliyekuwa mle hakuwa amefungiwa. Alikuwa amejifungia, kwa sababu yangu.

Nilishuka ngazi kumi na nne kwa hatua tatu. Magoti hayakusema neno.

Siku ya saba nilishinda garini. Namba nilisoma mbiombio. Kigurudumu kilizunguka asubuhi, kidogo tu, kikakata. Jioni nikasoma, nikapiga picha. Nikaamua: kesho naondoka. Jina lifie mbali. Mwenye nyumba aniseme anavyotaka, pwani nzima iseme, lakini watanisema nikiwa hai.

Siku ya nane, saa mbili asubuhi, gari lilikuwa limeshawashwa. Funguo za nyumba nilizifunga kwenye bahasha nimwachie fundi cherehani. Nikatoa gari getini. Nimefika barabarani, mkono ukaanza kuniwasha.

Namba ya kuondokea.

Mimi siondoki kwenye nyumba ya mtu bila picha ya mwisho ya mita. Mazoea ni mwiba, bwana. Nikaliacha gari linanguruma, nikarudi, nikafunua kifuniko, nikapiga picha.

Kisha nikailinganisha na ya jana jioni.

Namba ileile. Hadi ya mwisho kabisa.

Nikasema, sawa, ni asubuhi bado. Lakini nikarudi nyuma kwenye picha zangu. Kila usiku, tangu siku ya pili, kulikuwa na maji kidogo yamepita. Nilidhani ni choo cha chini kinachovuja. Sasa nikaelewa. Kila usiku mtu wa juu alikuwa anashuka, anakunywa, anamlisha mbwa.

Usiku huu, hata tone.

Nikamtazama Mstaafu mlangoni. Bakuli lake tupu. Chakula nilichompa jana alikuwa amekimaliza chote, na sasa alikuwa ananililia mimi.

Ndugu zangu, siku tatu niliogopa kwa sababu mita inazunguka. Sijui niwaambieje, lakini hofu ya mita iliyosimama ilikuwa nyingine kabisa. Ile ya kwanza ilinikimbiza. Hii ilinishika miguu.

Gari langu linanguruma kule. Barabara iko wazi. Hakuna aliyeniona. Nikiondoka, hakuna atakayenilaumu, maana si niliambiwa nimwagilie maua tu?

Nilizima gari. Nikatoa spana ya magurudumu.

"Fundi!" nikaita. "Njoo, na presha yako!"

Akaja na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, ameushika kama mkuki.

"Wa nini huo?"

"Sijui. Na wewe spana ya nini?"

"Sijui."

Tukapanda. Nikagonga. Nikaita. Nikaweka sikio, sikusikia kitu. Nikaingiza spana kwenye upenyo wa mlango nikaegemea kwa uzito wangu wote, na Mungu hakuninyima uzito. Mara ya tatu komeo liling'oka na kipande cha mbao.

Joto lilitupiga usoni kama mlango wa tanuri.

Mapazia yamefungwa. Katikati ya chumba sanduku kubwa la safari, bado limefungwa na kamba. Kwenye mlango wa kabati limening'inia koti zito la baridi, jipya, lebo haijatolewa. Chupa za maji tupu sakafuni.

Na kando ya kitanda, kwenye mbao za sakafu, ameanguka mtu.

Fundi cherehani akapiga yowe, mkasi ukamdondoka.

Hakuwa mke wa mtu. Hakuwa mwizi.

Alikuwa mwenye nyumba.

Midomo imepasuka, macho nusu wazi, ngozi inachoma ukiigusa. Simu iko mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe ulioandikwa lakini haujatumwa, kwenda kwa dada yake:

"Dada, leo theluji imezidi. Ila niko sala"

Akaishia hapo.

Tulimbeba mimi na fundi cherehani, mmoja kichwani, mmoja miguuni, ngazi kumi na nne. Tukamlaza kwenye kitanda changu garini. Fundi alikaa naye nyuma akimlowanisha kwa kanga yangu, mimi nikaendesha gari la mikate kama gari la wagonjwa, honi moja kwa moja, watu wakiruka pembeni.

Hospitali daktari alituambia ni malaria kali, na figo zilikuwa zinaanza kugoma kwa kukosa maji.

"Mngemleta jioni," akasema, akatikisa kichwa, hakumaliza.

Nikachukua namba ya dada yake kwenye simu ile, nikampigia. Aliniambia niseme tena, nikasema tena, simu ikakatika. Baada ya nusu saa aliingia wodini mbio kutoka darasani, chaki bado vidoleni. Nikamweleza kila kitu: kumbe kaka yako hajasafiri, kumbe alirudi usiku nimelala, akaingia na funguo zake, akakaa juu ya dari, kumbe anatuandikia habari za theluji akiwa anaoga saa nne.

Nilitegemea mshangao. Haukuja.

Akakaa kwenye benchi taratibu, kama mtu aliyeshushwa kwa kamba.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Kwamba hakusafiri. Tangu siku ya tatu." Alikuwa anatazama mikono yake. "Binamu yetu anafanya kazi uwanja wa ndege. Alimwona amekaa kwenye benchi kutwa nzima na sanduku lake. Wenzake walioahidiwa kazi ileile walikuwa wanalia. Wakala aliyewapa mikataba amezima simu. Jioni akamwona anapanda basi la kurudi."

"Sasa dada, mbona..."

"Tukakaa kikao. Tulimsindikiza kwa magari manne, mama! Kazini wamemuaga, nafasi yake ina mtu. Mkewe alishamkimbia kwenda kwa wazazi wake, mtaa mzima ukanong'ona. Tukasema, tusimuaibishe tena. Tulidhani yuko kwa rafiki. Tukakubaliana sote: akiandika habari za baridi, tumjibu kuhusu baridi. Akiwa tayari, atasema mwenyewe."

Akatoa simu, akanionyesha. Mfululizo wa majibu yake mwenyewe, siku baada ya siku.

*Pole mdogo wangu. Vaa sweta.*

*Kunywa vitu vya moto.*

*Jifunike vizuri.*

La mwisho lilitumwa siku ile niliyosikia kikohozi. "Homa hiyo ni ya kubadilisha hewa," alimwandikia. "Utazoea."

"Aliniambia anaumwa," dada akasema, na sauti ikampasukia. "Aliniambia, mama. Na mimi nikamjibu mambo ya theluji. Tuko mwendo wa nusu saa tu kutoka nyumba ile."

Sikuwa na utani wowote. Nami nina utani wa kila kitu.

Alipozinduka, siku ya pili, mtu wa kwanza kumwona nilikuwa mimi.

"Umeniaibisha," akanong'ona.

"Ndiyo, kaka. Na umepona. Chagua kimoja cha kulilia."

Mdomo wake uliopasuka ukajaribu kucheka, ukashindwa, akalia badala yake. Kisha akamwona dada yake nyuma yangu. Akafumba macho kama mtoto anayedhani asipoona haonekani.

Dada akavuta kiti. Akamshika mkono wenye sindano ya dripu.

"Huko baridi vipi?" akamuuliza, taratibu.

Mashine ya jirani inalia, pii, pii.

"Hakuna baridi, dada," akasema. "Sikwenda popote."

"Najua. Pole kwa safari."

Nikatoka nje nikawaachia chumba.

Wiki tatu zangu zilipoisha dada yake alihamia, na kaka mtu alikuwa ameanza kutengeneza injini za boti uani kwake, kikundi cha mashabiki kikiwa ni mimi, fundi cherehani na Mstaafu. Mtaa ulicheka siku nne. Siku ya tano ukapata jambo lingine la kucheka. Aibu aliyoikimbia hadi karibu na kaburi haikumaliza hata wiki.

Nimewasimulia kwa sababu moja. Uongo wake naweza kuuelewa. Nani hajawahi kudanganya kuwa yuko vizuri? Ninachowaomba muogope ni ile adabu yetu sisi wengine. Ile ya kusema, tumwachie heshima yake, atakapotaka atasema. Watu wote waliompenda walikuwa na namba yake, na aliyemfikia ni mpita njia mwenye spana, tena aliyekuwa ameshaondoka.

Ukiona mtu wako anakuandikia kwamba aliko kuna theluji, na moyo wako unajua jua linawaka, usimwambie avae sweta.

Nenda ukagonge mlango.